Muflisi Aliyelipa kwa Kalamu

Hapa kwetu pwani jeneza haliondoki mpaka mmoja katika jamaa wa marehemu amesimama mbele ya watu akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, au aje baadaye kwa warithi wake. Jambo hili tumelizoea mno, hata wengi wetu huwa tunatengeneza kofia zetu na kutafuta viatu wakati linaposemwa. Nilipokuwa mtoto wa chuo, mwalimu wetu alitueleza asili yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maiti ya mtu aliyekufa na deni la dinari chache, wala hakuacha cha kulilipia. Akasita kumswalia, mpaka sahaba wake Abu Qatada alipolitwaa deni lile likawa juu yake yeye. Tangu siku hiyo nikajua kuwa deni ni mzigo unaomfuata mtu hadi mlangoni mwa kaburi.

Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za mtu ambaye hakuwa mwenzetu wa dini wala wa nchi, lakini ambaye katika jambo hili la deni aliishi maisha yenye mafunzo mengi kwetu. Mtu huyo ni Sir Walter Scott, malenga na mtunzi wa hadithi wa Uskoti, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1771 na kufa mwaka 1832.

Mimi nilimjua kwanza kwa kitabu chake kiitwacho The Talisman, kilichotoka mwaka 1825. Neno hilo limepitia Kiarabu, nalo ndilo lile lile letu la talasimu. Ndani ya hadithi hiyo Sultani Salahuddin al-Ayyubi amepewa heshima kubwa: anajigeuza tabibu, anaingia kambi ya adui yake Mfalme Richard wa Uingereza, akamponya maradhi yake. Hiyo ni hadithi ya kubuni, wala Scott hakupata kufika Sham maishani mwake. Hata hivyo nilipoisoma katika ujana wangu nilifurahi kumwona Mzungu wa zama zile akimtaja kwa wema kiongozi wa Waislamu. Sikujua wakati huo kwamba mwandishi wake, miezi saba tu baada ya kukitoa kitabu hicho, alikuwa amefilisika.

Kiwete aliyependa visa

Walter Scott alikuwa mwana wa wakili. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alipatwa na maradhi ya kupooza, na mguu wake wa kulia ukabaki na ulemavu hadi mwisho wa maisha yake. Wazazi wake walimpeleka shambani kwa babu yake, huko mipakani mwa Uskoti na Uingereza, apate hewa safi. Huko akalelewa na visa vya kale na nyimbo za vita walizozihifadhi wazee kifuani. Alipokuwa mtu mzima alirudi kuzikusanya nyimbo hizo, akazitoa katika vitabu mwaka 1802 na 1803. Kisha akatunga tenzi zake mwenyewe kuanzia mwaka 1805, na zikanunuliwa kwa wingi ambao malenga wa nchi ile hawakuwa wameuona.

Hakuwa mtu wa kuishi kwa kalamu peke yake. Alisomea sheria kama baba yake, akawa wakili mwaka 1792, kisha akapewa kazi ya uhakimu katika wilaya ya Selkirk, na baadaye ukarani mkubwa katika mahakama kuu ya Edinburgh. Mishahara ya kazi hizo mbili ilikuwa kama pauni 1,600 kwa mwaka. Kwa mtu wa wakati ule hiyo ilikuwa riziki ya kumtosha yeye, mkewe Charlotte na watoto wao wanne bila kumkopa mtu.

Lakini alikuwa na mambo mawili yaliyomponza. La kwanza ni biashara ya siri. Rafiki yake wa shuleni, James Ballantyne, alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Mwaka 1805 Scott akaingia ubia naye, lakini hakutaka watu wajue, kwani mtu wa mahakama kuwa mfanyabiashara lilikuwa jambo la kudharauliwa. Mwaka 1809 akaongeza na duka la kutoa vitabu chini ya jina la John, ndugu yake James. Duka hilo likaenda mrama, na kufikia mwaka 1813 nusura liwazamishe wote. Waliokolewa kwa mkopo ambao mdhamini wake alikuwa lodi mkubwa, na kwa msaada wa Archibald Constable, mtoaji wa vitabu. Hiyo ilikuwa kengele ya kwanza, naye hakuisikia.

La pili ni nyumba. Mwaka 1811 alinunua shamba dogo kando ya mto Tweed, akaliita Abbotsford. Akajenga, akabomoa, akajenga tena, mpaka likawa jumba lenye minara, lenye silaha za kale ukutani, maktaba ya maelfu ya vitabu, na taa za gesi wakati ambapo nyumba za namna hiyo zilikuwa za kuhesabika. Kila jirani aliyekuwa na kipande cha ardhi alijua kwamba bwana yule akikitamani atakinunua kwa bei yoyote, na bei zikapanda vivyo hivyo. Alitaka kuwa bwana wa ardhi kama wazee wake wa kale. Fedha za vitabu ambavyo hajaviandika zilikuwa zimekwisha kujenga kuta.

Hundi juu ya hundi

Mwaka 1814 alitoa Waverley, hadithi yake ndefu ya kwanza, bila kutia jina lake. Hadithi zikafuatana karibu kila mwaka, nazo zote hazikuwa na jina la mtungaji. Mwaka 1818 ikakubaliwa apewe cheo cha ubaroneti, akatawazwa rasmi mwaka 1820. Watu wakamwona kuwa tajiri mkubwa.

Lakini tazama jinsi utajiri huo ulivyosimama. Wazee wetu waliofanya biashara na Wahindi wanaijua hundi: karatasi inayoahidi kwamba baada ya miezi kadha fedha fulani zitalipwa. Constable alikuwa akimlipa Scott kwa hundi badala ya fedha taslimu. Hundi hizo zikapelekwa benki zikauzwa kwa bei pungufu, fedha zikatumika. Wakati wa kulipa ulipofika, iliandikwa hundi nyingine ya kulipia ile ya kwanza. Ballantyne akamdhamini Constable, na Constable akamdhamini Ballantyne, na wakala wao wa London, kampuni ya Hurst na Robinson, naye akawa katika mduara huo huo. Kila mmoja alimwegemea mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta. Na kwa kuwa ubia ulikuwa wa siri, hapakuwa na mtu wa nje wa kumwambia Scott kwamba hesabu zake haziendi.

Mwishoni mwa mwaka 1825 mabenki ya London yakapatwa na hofu kubwa. Kila mwenye kudai akataka fedha yake mkononi. Mwezi Desemba Scott akaweka Abbotsford rehani kwa pauni 10,000 ili amwokoe Constable, na fedha hizo zikapotea kama maji mchangani. Januari 1826 Hurst na Robinson wakaanguka, Constable akafuata, na Ballantyne akawa wa tatu. Hapo siri ya miaka ishirini ikafunuka: mwenzake Ballantyne kiwandani ni Sir Walter Scott mwenyewe, na kwa sheria kila deni la kiwanda ni deni lake. Hesabu ilipofanywa ilifika takriban pauni 120,000. Kwa mishahara yake miwili, kama asingekula wala kuvaa, angehitaji miaka sabini na mitano kulilipa. Naye alikuwa na umri wa miaka 54.

Waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Scott alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kujitangaza muflisi mahakamani. Mali yake ingenadiwa, wadai wagawane kilichopatikana, na yeye atoke huru, kila atakachokiandika baada ya hapo kiwe chake. Njia hiyo ilikuwa halali kwa sheria ya nchi yake, wala asingelaumiwa na mtu. Ya pili ilikuwa kuwaomba wadai muda, akaweka mali yake na kazi ya mkono wake chini ya wasimamizi watakaochaguliwa, mpaka kila mtu alipwe haki yake. Akaichagua hii ya pili, na wadai wakakubali. Jumba la Abbotsford hawakulichukua kwa sababu mwaka mmoja nyuma alikuwa amemwandikia mwanawe mkubwa katika ndoa, lakini fanicha, vitabu na silaha zilizokuwamo zikawa mali ya wadai. Wakamwachia mshahara wake na ruhusa ya kukaa humo.

Watu walijitokeza kumsaidia. Mtu mmoja asiyetaka kutajwa alitaka kumpa pauni 30,000. Mwalimu wa kinubi aliyewafundisha mabinti zake alituma ujumbe kutaka kumpa akiba yake ya pauni mia tano au sita, ambayo huenda ndiyo mali yote aliyokuwa nayo duniani. Scott aliwashukuru wote akakataa. Aliamua kwamba mkono wake wa kulia ndio utakaolipa.

Mwezi Machi mwaka huo akatoka katika nyumba yake ya mjini, iliyokuwa namba 39 mtaa wa Castle, nayo ikauzwa. Kutoka hapo akawa anapanga vyumba kila mahakama ilipomwita Edinburgh. Mwezi Mei mkewe Charlotte akafariki, yeye akiwa mjini kwenye kazi yake ya mahakama. Alirudi akamzika, akakaa siku chache, kisha akarudi mezani. Alikuwa akiandika Maisha ya Napoleon, kitabu cha juzuu tisa, kilichotoka katikati ya mwaka 1827 na kuleta pauni 18,000. Hadithi yake Woodstock nayo ilileta zaidi ya pauni 8,000. Senti hizo hazikupita mkononi mwake. Zilikwenda moja kwa moja kwa wasimamizi.

Wadai wasiongoja

Mabenki ya Uskoti yalivumilia. Lakini katika kila kundi la wadai hapakosi asiyekubali sulhu. Mwishoni mwa mwaka 1827 kampuni moja ya London iliyokuwa inanunua hundi kwa bei ya kutupa ilikuwa na hundi yenye saini yake, ikataka kulipwa yote papo hapo, la sivyo atiwe kifungoni. Deni hilo lilikuwa dogo ukililinganisha na jumla. Wasimamizi walishuku kwamba hundi ile ilipatikana kwa riba iliyozidi kiwango cha sheria, na hawakutaka kumpendelea mmoja juu ya wengine waliokubali kungoja. Siku zile mdeni alikuwa akikamatwa mwili wake, akafungwa mpaka alipe au mdai achoke.

Palikuwa na mahali pamoja Edinburgh ambapo mkono wa mdai haukufika. Ni katika mipaka ya jumba la kifalme la Holyrood na bustani yake kubwa yenye mlima ndani yake. Mdeni aliyevuka mstari ule akajiandikisha kwa msimamizi wa mahali hapo na kutoa ada alikuwa salama. Alipanga chumba humo, akakaa miezi au miaka. Siku ya Jumapili, kwa kuwa sheria haikuruhusu mtu kukamatwa siku hiyo, wadeni walitoka wakatembelea jamaa zao mjini, lakini iliwapasa kurudi kabla ya usiku wa manane. Sir Walter Scott, mtu ambaye mwaka 1822 alikuwa amempokea mfalme katika mji huo huo kwa sherehe kubwa, sasa alifungasha mizigo yake kwenda kujificha Holyrood miongoni mwa wakimbizi wa madeni.

Hakwenda. Ghafula kampuni ile ya London ikanyamaza. Yeye hakujua sababu. Ukweli ni kwamba Sir William Forbes, mwenye benki na mwenyekiti wa wasimamizi, alikuwa amelilipa deni lile kutoka mfukoni mwake kwa siri, akajiweka katika foleni pamoja na wadai wengine kungojea sehemu yake. Forbes alifariki mwaka 1828, na Scott alikuja kuyajua hayo baada ya kifo chake. Na ili msomaji auone uzito wa wema huo, inafaa ajue kwamba zaidi ya miaka thelathini nyuma Scott alimpenda sana msichana mmoja, Williamina Belsches, akatumaini kumwoa, na aliyemwoa msichana huyo ni William Forbes huyo huyo.

Desemba 1827 wadai walipokea malipo yao ya kwanza, shilingi sita katika kila pauni, ambayo siku hizo ilikuwa na shilingi ishirini. Ilikuwa karibu pauni 40,000 katika miaka miwili. Linganisha na wenziwe: Constable, aliyefuata njia ya muflisi na kufa mwaka 1827, mali yake haikutoa hata shilingi tatu katika pauni, na Hurst na Robinson haikutoa hata mbili. Mwaka 1829 ukaanza mpango wa kuzitoa upya hadithi zake zote, juzuu moja kila mwezi kwa shilingi tano, kila moja ikiwa na maelezo mapya ya mkono wake. Zikanunuliwa kwa maelfu. Desemba 1830 wakalipwa shilingi tatu nyingine, na deni likabaki kama pauni 54,000. Siku hizo wadai wakakutana wakakubaliana kumrudishia maktaba yake na vyombo vyake vyote vya Abbotsford, viwe vyake tena, kama shukrani.

Lakini mwili ulikuwa umekwisha. Februari 1830 alipatwa na kiharusi, kikafuatiwa na vingine. Madaktari walimwambia aache kuandika, naye hakuweza kuacha. Mwaka 1831 serikali ikampa nafasi katika manowari impeleke Malta na Napoli, akapumzike kwenye jua. Huko safarini akaingiwa na wazo kwamba madeni yake yote yamekwisha kulipwa. Akafurahi sana, akawa anapanga tena kununua ardhi. Jamaa waliokuwa naye hawakuwa na moyo wa kumwambia kweli. Aliletwa nyumbani hoi mwezi Julai 1832, akafa Abbotsford tarehe 21 Septemba mwaka huo.

Bima ya maisha yake ilileta pauni 22,000, na mtoaji wa vitabu Robert Cadell akaongeza 30,000 kwa dhamana ya mauzo ya vitabu. Mwaka 1833 wadai wakamaliziwa. Rehani ya Abbotsford nayo iliondoka mwaka 1847, miaka kumi na mitano baada ya mwenyewe kuzikwa, Cadell alipotwaa haki zote za vitabu hivyo. Leo sura yake imo katika noti za Benki ya Uskoti.

Tumhukumu vipi?

Wako wanaomsifu Scott kana kwamba hakukosa lolote. Mimi sioni hivyo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Naye harusi yake ilikuwa ndefu. Salahuddin, ambaye Scott alimwandika kwa sifa, alipokufa Damascus mwaka 1193 hazina yake ilikuwa na dinari moja na dirhamu hazifiki hamsini, hata gharama za mazishi zikabidi zikopwe. Lakini mali yake ilikwisha kwa kugawa. Ya Scott ilikwisha kwa minara. Kisha kuna siri. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, katika sura ya Al-Baqara, inahusu deni: inatuamrisha tuliandike, tuweke mashahidi, tusichoke likiwa dogo au kubwa. Deni la Scott liliandikwa kwenye karatasi nyingi, lakini alilificha kwa watu waliostahili kujua, na kwa kulificha akajificha mwenyewe asilione.

Na aya inayoitangulia kidogo inawaelekea wadai: mdeni akiwa katika dhiki, angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni heri zaidi. Katika fiqhi yetu, mlango wa taflisi, kadhi humzuia muflisi asiichezee mali yake, huiuza na kuwagawia wadai, na ikithibitika kwamba hana kitu, hafungwi. Mabenki ya Edinburgh hayakusoma fiqhi, lakini yalingoja, na yakalipwa. Wale wa London hawakungoja. Lau wangemfunga Scott mwaka 1827, kalamu ingelala naye kifungoni, na pengine wadai wote wangekosa.

Nina sababu yangu ya kuyaandika haya. Niliwahi kumdhamini rafiki, akashindwa, na deni likanigeukia mimi. Kwa muda wa miezi minane nilikuwa nikizunguka msikiti kwa nyuma ili nisipite mbele ya duka la mwenye kunidai. Swala ya Alfajiri nikaikimbia jamaa, nikaswali nyumbani, kwa kuogopa kukaa naye safu moja. Mtaa wetu mdogo nikaufanya Holyrood yangu. Siku niliyoingia dukani mwake na kumwambia nina kiasi gani na kwamba nitaleta kiasi gani kila mwisho wa mwezi, mzee yule alivuta daftari, akaandika, akaniagizia kahawa. Ilinichukua miaka miwili kumaliza, na kila mwezi nilipita kwa mlango wa mbele.

Basi ndugu yangu unayebadili njia leo, rudi katika njia yako. Nawe unayedai, kumbuka aliyelipa kimya kimya deni la mtu aliyekuwa mshindani wake. Mwenyezi Mungu atukinge na uzito wa madeni na kushindwa na watu, atujaalie tusiondoke duniani huku yuko wa kujitokeza mbele ya majeneza yetu. Amin.